Kazi Inayofichwa na Lipu

Tofali la zamani la London liliiva kwa moto uliokuwa tumboni mwake. Wafyatua matofali wa karne ya 18 na ya 19 walikanda udongo pamoja na chaki na majivu yaliyochekechwa, majivu ya meko za jiji ambayo bado yalikuwa na chembe za makaa ya mawe. Matofali mabichi yalipopangwa na kutiwa moto, kila moja lilikuwa limebeba sehemu ya kuni zake. Chaki ikayapa rangi ya manjano. Masizi ya miaka mingi yakaja kuyafanya meusi. Yeyote aliyewahi kukesha kando ya tanuri la matofali huko Iringa au Kisii angeifahamu kazi hiyo mara moja.

Kwa matofali hayo zilijengwa nyumba za safu, zilizoshikana ubavu kwa ubavu mtaa mzima, kila moja ikigawana ukuta na jirani wa kulia na wa kushoto. Moto mkubwa wa mwaka 1666 ulikuwa umewafunza wakazi wa London kuziogopa nyumba za mbao, na sheria ya mwaka uliofuata ikaamuru kuta za nje zijengwe kwa matofali au mawe. Ukuta wa mbele wa nyumba ya kawaida ya enzi ya Malkia Victoria una unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu wake, sentimita 22 hivi. Hauna uwazi katikati. Kinachozuia baridi ni tofali lenyewe na lipu ya chokaa iliyopigwa kwa ndani, basi.

Walioujenga walijua walichokuwa wakifanya. Kila chumba kilikuwa na meko yake ukutani na dohani yake. Moto wa makaa ulivuta hewa kutoka kwenye nyufa za sakafu na za madirisha, ukaipandisha juu pamoja na unyevu wa mapishi, wa nguo na wa pumzi za watu. Mvua iliyolowesha ukuta ilikaukia pande zote mbili. Familia iliota moto kifuani huku migongo ikiwa na baridi, lakini nyumba ilibaki kavu. Kisha ukaja moshi mzito wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya wakazi wa London, ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1956, na meko zikaanza kuzibwa moja baada ya nyingine. Gesi ikaingia. Watu wakatia saruji palipokuwa na chokaa, wakapaka rangi za plastiki, wakabadilisha madirisha. Nyumba ikapoteza njia yake ya kujikausha, na baridi ikabaki palepale.

Leo karibu nyumba moja kati ya tano nchini England ni ya kabla ya mwaka 1919. Wasemaji wa Kiswahili hawako mbali nazo. Familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 zilifikia katika nyumba za safu za Leicester, mtaani Belgrave na vitongoji vya jirani, zikaupokea msimu wa kwanza wa baridi katika vyumba ambavyo joto lake lilitoka nje karibu kwa kasi ileile lililonunuliwa nayo.

Nyumba kama hizo sasa zimepata mafundi wa aina yake: waashi, maseremala, mafundi umeme na wapimaji wanaoichukua nyumba ya miaka 150 na kuifanya itosheke na joto kidogo sana, bila kuibomoa, bila kuiharibia sura yake ya mtaani, na bila kuuozesha mti uliomo ndani yake. Sehemu bora ya kazi yao haionekani ikishakamilika. Ndiyo maana inafaa kusifiwa kabla lipu haijapigwa.

Kazi huanzia mahali ambapo mwenye nyumba hapatarajii, yaani kwenye maji. Fundi mzuri akifika hagusi kihami joto kwanza. Anaizunguka nyumba mvua ikinyesha. Anatazama mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalomwaga maji ukutani, udongo wa bustani uliopanda hadi kupita kimo cha sakafu. Anachokonoa maungio ya matofali kwa ncha ya kisu ili ajue kama ni chokaa au saruji. Tofauti hiyo ni kubwa. Chokaa ni laini kuliko tofali na hupitisha mvuke. Maji yaliyonyonywa na ukuta hupata pa kutokea. Saruji ni ngumu na hufunga njia. Maji hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe, na usiku wa barafu yanapoganda na kupanuka, uso wa tofali hubanduka. Kwa hiyo siku nyingi za mwanzo zinaweza kwisha kwa kuchimbua saruji iliyotiwa na waliodhani wanasaidia, na kuirudisha chokaa mahali pake.

Hapo mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki wangekaa nao kitako na kuelewana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zikabebwa na boriti za mikoko zilizopachikwa ncha ukutani. Zinaharibika kwa namna inayofanana: mkarabati huja na saruji, chumvi na unyevu vikanaswa, lipu ikabanduka, ncha ya boriti ikaoza mahali ambapo jicho halifiki. Hali ya hewa ni kinyume kabisa, lakini ukuta mnene unaonyonya maji una tabia zake popote ulipo. Chama cha Kulinda Majengo ya Kale cha Uingereza, kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877, kimelisemea jambo hilo kwa muda mrefu. Vipimo vyake kwenye kuta halisi vimeonyesha pia kwamba kuta nyingi za kale hupoteza joto kidogo kuliko zinavyosingiziwa na majedwali ya hesabu. Ukuta mkavu, bila shaka. Uliolowa hupitisha joto kwa wepesi zaidi, kwa hiyo fundi anayerekebisha mfereji wa paa tayari ameanza kuipasha nyumba joto.

Baada ya maji huja hewa, na habari za hewa zinatupeleka Marekani. Mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya bei ya mafuta kupanda ghafla duniani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton wakiongozwa na Robert Socolow walianza kuzichunguza nyumba za safu za Twin Rivers, mji mpya wa New Jersey. Walichagua vizuri: nyumba za ramani moja, mtaa mmoja, zikipigwa na upepo uleule. Tofauti yoyote ingejieleza. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba nyumba mbili zinazofanana kwa kila kitu ziliweza kupishana hata mara mbili kwa gesi iliyotumika, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa mienendo ya waliokaa ndani.

La pili lilikuwa la kifundi. Dari zilikuwa na kihami joto, lakini joto lililopotelea juu lilikuwa kubwa kupita hesabu zote. Walipolifuatilia waligundua kuwa kuta za kugawana zilijengwa kwa matofali ya zege yenye matundu. Matundu hayo, yakiwa yamepangana moja juu ya jingine, yaliipandisha hewa ya joto kutoka chumba cha chini ya ardhi hadi darini, ikipita kando ya kihami bila kukigusa. Njia hiyo haikuwemo kwenye ramani yoyote. Mwaka 1978 Frank Sinden alieleza jinsi nyumba moja ya Twin Rivers ilivyopunguziwa mahitaji ya joto kwa theluthi mbili, bila kujengwa upya.

Chombo kilichoupa ufundi huu macho kilitoka Sweden: feni iliyofungwa dirishani, baadaye mlangoni, ambayo Åke Blomsterberg alikwenda nayo Princeton mwaka 1979. Mlango wa mbele unafunguliwa, fremu yenye kitambaa kisichopitisha hewa inabanwa mahali pake, na feni inanyonya hewa hadi tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50. Ni mgandamizo mdogo, uzito wa maji ya kina cha milimita tano tu, lakini unatosha kuifanya nyumba iseme. Nyufa zinapiga mluzi. Fundi anapita chumba hadi chumba na kijiti cha moshi, mgongo wa kiganja chake ukipapasa soketi, uvungu wa ngazi, pembe za madirisha, pale bomba la choo linapotoboa sakafu. Kisha namba inasomwa: hewa yote ya nyumba imebadilishwa mara ngapi kwa saa.

Namba hiyo haina upendeleo, na lipu nzuri haiwezi kuidanganya. Mwashi aliyejaza tundu nyuma ya bomba, mahali ambapo hakuna atakayechungulia tena, analipwa heshima yake papo hapo kwenye kioo cha kipimo. Ni fani chache za ujenzi zenye haki ya namna hiyo.

Kwa nini hewa ipewe uzito wote huo? Kwa sababu hewa hubeba maji. Wataalamu wa majengo wa Amerika Kaskazini wana hesabu moja iliyozoeleka: katika msimu wa baridi, mvuke unaopenya taratibu kwenye ubao mzima wa jasi, wa futi 4 kwa 8, hufikia theluthi ya lita, ilhali tundu la inchi moja ya mraba kwenye ubao huohuo huweza kupitisha hewa yenye maji ya lita 28 hivi. Tundu hilo ni dogo kuliko la soketi ya umeme. Katika nyumba iliyowekewa kihami upande wa ndani, maji hayo huenda kugeuka matone nyuma ya kihami, kwenye tofali ambalo sasa ni baridi kuliko zamani, maana joto la chumba halilifikii tena.

Na ndani ya tofali hilo kuna mti. Katika nyumba nyingi za London boriti za sakafu hutoka ukuta wa mbele kwenda wa nyuma, ncha zake zikiwa zimekaa ndani ya ukuta unaopigwa na mvua. Zamani joto lililovuja lilizikausha. Ukuta ukifunikwa kwa ndani, ncha hizo huachwa kwenye baridi na unyevu mwaka hadi mwaka. Huko Philadelphia na Baltimore, ambako nyumba za safu ni nyembamba, kwa kawaida boriti hupita kutoka ukuta wa jirani mmoja hadi wa jirani mwingine, ncha zimelala mahali pakavu, na fundi wa huko amepunguziwa hofu moja.

Mwenzake wa London hana bahati hiyo. Anang'oa mbao za sakafu kandokando ya ukuta, anaitazama kila boriti, anachomeka sindano mbili za kipimo cha unyevu kwenye ncha yake, anakata iliyooza na kuunga mti mpya. Ndipo anaziba. Boriti ya mwaka 1860 imepasuka kwa urefu wake, na hewa husafiri ndani ya ufa ule hadi ukutani; utepe uliozungushwa kwa nje hauzuii kitu ikiwa ufa umeachwa wazi. Inabidi ufa ujazwe kwanza, mti usuguliwe hadi masizi na vumbi viishe, upakwe dawa ya kushikisha gundi, ndipo utepe ukamate. Halafu boriti inayofuata. Halafu ghorofa ya juu. Ni kazi ya kupiga magoti, mikono ikiwa gizani chini ya sakafu, na hiyo ndiyo inayoamua kama nyumba itafikisha miaka mia nyingine.

Kihami chenyewe ndicho watu wanachokizungumzia zaidi, na pengine ndicho rahisi kuliko yote. Ugumu uko kwenye unene. Hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba sentimita nne tu za ubao wa nyuzi za mti, zikibandikwa ndani ya ukuta wa tofali wa sentimita 22, hupunguza joto linalopotelea ukutani kwa takriban theluthi mbili. Sentimita 10 hulipunguza kwa zaidi ya asilimia 80. Sentimita 20 huongeza juu ya hapo chini ya asilimia 10, huku zikila nafasi ya chumba na kulifanya tofali liwe baridi zaidi na zito zaidi kukauka. Tamaa ya kuongeza ndiyo mtego. Mafundi wanaozipenda nyumba za kale huchagua vitu vinavyonyonya unyevu na kuuachilia, kama nyuzi za mti, koki au ubao wa kalsiamu silikati, na husimama mapema.

Kabla ya kuamua, wengi huupitisha ukuta wao kwenye WUFI, programu ya Taasisi ya Fraunhofer ya Fizikia ya Majengo iliyoko Holzkirchen, Ujerumani, inayokadiria unyevu wa ukuta saa kwa saa kwa miaka ya mvua, jua na barafu. John Straube wa Canada na wenzake wamekwenda mbali zaidi: hukata vipande vya tofali la jengo lenyewe na kuvigandisha maabara ili wajue ni maji kiasi gani yanayoweza kulipasua. Kuna adabu katika jambo hilo, kuliuliza tofali kabla ya kuliamulia.

Adabu hiyo ikikosekana, matokeo yanajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika eneo la Fishwick mjini Preston, mamia ya nyumba za safu zilivikwa kihami kwa nje chini ya mpango wa kupunguza gharama za joto. Maji ya mvua yakaingia nyuma ya kihami, yakanaswa, na kuta za ndani zikaota kuvu. Mwaka 2016 tathmini iliyoongozwa na Peter Bonfield ilidai utaratibu mpya, na mwaka 2019 ukatoka mwongozo wa PAS 2035 unaotaka nyumba itazamwe yote kwa pamoja, kuanzia msingi hadi paa. Karatasi peke yake haikutosha. Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitangaza kwamba, kwa makadirio, asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa kihami cha nje chini ya mipango miwili ya serikali zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebishwa.

Takwimu hiyo inapaswa kusomwa polepole na kila anayeamini kwamba joto la nyumba ni suala la kununua bidhaa. Bidhaa zilikuwepo, na fedha pia. Mikono iliyofundishwa ndiyo iliyokuwa adimu, pamoja na jicho la msimamizi anayerudi jukwaani kukagua kabla kazi haijafunikwa.

Ipo pia hofu kwamba nyumba iliyozibwa itawanyima watu hewa, na hofu hiyo isibezwe. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki mjini Rochdale. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulithibitisha kwamba kifo chake kilitokana na kukaa muda mrefu katika nyumba ya kupanga iliyojaa kuvu, isiyo na upitishaji hewa wa kutosha. Sheria ya nyumba za kijamii iliyopitishwa mwaka 2023 ina masharti yanayoitwa kwa jina lake, yanayowataka wenye nyumba hizo kushughulikia unyevu na kuvu ndani ya muda uliowekwa. Fundi anayeziba nyufa bila kuleta hewa kwa njia nyingine anacheza na mapafu ya watu.

Njia hiyo nyingine ni mashine ya ukubwa wa kabati dogo, inayovuta hewa nzito kutoka jikoni na bafuni na kuipitisha ubavuni mwa hewa safi inayoingia. Kati yao kuna kuta nyembamba sana: joto linahama, hewa hazichanganyiki. Passivhaus, kiwango cha nyumba zinazohitaji joto kidogo sana, kinataka angalau asilimia 75 ya joto irudishwe. Kuipata nafasi ya mabomba yake ndani ya nyumba ambayo haikuyatarajia ni fumbo, na wakati mwingine jibu ni dohani ya zamani: mahali palipotoa moshi wa makaa enzi za mababu panapitishwa hewa safi ya vyumba vya kulala.

Passivhaus yenyewe ilizaliwa katika nyumba za safu. Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walilijadili wazo hilo mwaka 1988, na mwaka 1991 familia nne zikahamia kwenye safu ya nyumba nne huko Kranichstein, Darmstadt. Masharti yake ni makali. Joto la mwaka mzima lisizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba, na kwenye paskali 50 hewa isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Nyumba ya mita za mraba 100 ikijengwa hivyo, siku ya baridi kali inahitaji kilowati moja hivi ya joto, umeme wa pasi ya nguo. Kwa nyumba za zamani taasisi ya Feist iliweka kiwango cha EnerPHit mwaka 2010: kilowati-saa 25 katika nchi za baridi ya wastani, na mara 1.0 kwa saa. Ulegezaji huo ni wa busara. Msingi wa mwaka 1850 hauwezi kung'olewa ili uwekewe kihami chini yake, na ukuta wa jirani ni wa jirani.

Hata hivyo, wapo walioufikia mstari mkali zaidi. Mwaka 2011 nyumba moja ya barabara ya Princedale, magharibi mwa London, ilikuwa ukarabati wa kwanza nchini Uingereza kupewa cheti kamili cha Passivhaus. Mtaa wake uko katika eneo la hifadhi, kwa hiyo sura ya mbele haikuruhusiwa kubadilika na kihami kikawekwa ndani. Kikwazo kikawa madirisha. Yale ya asili yana fremu mbili zinazoteleza moja nyuma ya nyingine, na kinachoteleza huvuja. Wasanifu wa Paul Davis + Partners wakaja na dirisha la vioo vitatu ambalo mpita njia analiona kama la zamani, na mstari wake wa katikati, na kina cha kivuli chake, ilhali halitelezi. Kwa anayejua useremala, dirisha lile ni ushairi: limetii mtaa na limetii fizikia.

Lenye uzito zaidi ni nani aliyejengewa. Nyumba ile ilikuwa ya shirika la Octavia, linalobeba jina la Octavia Hill, mwanamke aliyeanza mwaka 1865 na nyumba chache za Paradise Place, Marylebone, zilizonunuliwa kwa fedha za John Ruskin ili maskini wapangishwe mahali penye utu. Ukarabati wa kwanza wa kiwango hicho, basi, haukufanyiwa tajiri mpenda mitindo. Ulifanywa katika nyumba ya kupangisha ya kijamii, kwa watu wanaohesabu sarafu za gesi.

Ng'ambo ya Atlantiki, Brooklyn, Julie Torres Moskovitz wa ofisi ya Fabrica718 aliichukua nyumba ya matofali ya Park Slope yenye umri wa zaidi ya karne na kuifanya mojawapo ya nyumba za kwanza za jiji la New York kupata cheti hicho. Iliitwa Tighthouse. Huko joto la kiangazi nalo ni adui, na tabaka lilelile linaloweka joto ndani Januari ndilo linaloliacha nje Julai.

Si kila nyumba itafika huko, wala haina haja. Chama cha AECB cha Uingereza, ambacho tangu 1989 kimewakusanya wajenzi wanaojali mazingira, kina kiwango chake cha ukarabati kinachotosheka na kilowati-saa 50 kwa mita ya mraba. Kwa nyumba ambayo haikuwahi kuguswa, hilo bado ni punguzo kubwa, na fundi wa kawaida aliyefundishwa vizuri anaweza kulifikia. Kinachohitajika ni utaratibu. Katika maeneo mengi ya kazi sasa mtu mmoja hukabidhiwa tabaka la kuzuia hewa kama dhamana yake. Fundi umeme hatoboi bila kumwambia. Fundi bomba naye vivyo hivyo. Na feni hufungwa mlangoni mara mbili: mwisho wa kazi kwa ajili ya cheti, na mapema zaidi, wakati tabaka bado liko wazi na kila tundu linaweza kufikiwa kwa mkono.

Kipimo hicho cha kwanza, katika nyumba ya safu, kina utata ambao nyumba iliyojitenga haina. Sehemu ya hewa inayoingia haitoki nje; inatoka kwa jirani, kupitia maungio yaliyolegea na matundu ya boriti za zamani kwenye ukuta wa kugawana. Wapimaji makini wanaotaka kuitenga hewa hiyo huomba ruhusa kwa majirani wa pande zote mbili, wakafunga feni nyingine milangoni mwao, na kuziendesha zote tatu kwa mgandamizo sawa. Ukuta wa kugawana unakuwa hauna upande unaovuta, na kinachobaki kwenye kipimo ni uvujaji wa kwenda nje peke yake. Kisha feni za majirani zinazimwa, ile ya katikati inaendelea, na tofauti ya namba inaonyesha ni kiasi gani kinapita ukutani kwa jirani. Mafundi huchukua taa, wakarudi chini ya sakafu upande huo, na kuanza kuhesabu boriti.